Kuhama dhehebu si kuasi

Hakuna neno linalorushwa upesi kwa Mkristo mtu mzima aliyehama dhehebu kuliko neno "msaliti". Akitoka kwa Wakatoliki akaenda kwa Wapentekoste, jamaa husema amepotoshwa. Akitoka kwa Wapentekoste akajiunga na Waanglikana, wenzake wa jana husema imani imepoa. Wazee nao hawakawii kumkumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Naona hukumu hii ni ya haraka mno, na ningependa kuipima, hasa kwa ajili ya walimu na wanafunzi, kwa maana ni shuleni na vyuoni ambako vijana wengi hukutana kwa mara ya kwanza na namna ya kusali isiyokuwa ya nyumbani kwao.

Nianze na neno lenyewe, maana ndiyo kazi yangu. "Dhehebu" tumelipata kutokana na "madhehebu", lililotoka katika Kiarabu, ambako "madhhab" ni jina la umoja. Waswahili waliisikia ile "ma-" ya mwanzo wakaichukua kama kiambishi cha wingi, kisha wakaliundia neno umoja wake. Shina lake katika Kiarabu lina maana ya kwenda. Kwa asili, basi, dhehebu ni njia ipitwayo, wala si boma la kumfungia mtu ndani. Asili ya neno haiwezi kuamua jambo la imani, lakini historia yetu haiko mbali nayo.

Wakristo wengi wa Kenya hawakuyachagua madhehebu yao kwa kuyapima moja baada ya jingine. Wamishenari wa Kiprotestanti waligawana nchi ili wasigombanie waumini: Wamethodisti waliokuwa Ribe tangu 1862 wakaenda hadi Meru, Marafiki wakajenga Kaimosi mwaka wa 1902, Waanglikana wakafungua Maseno mwaka wa 1906, na Wapresbiteri wakashika Kikuyu na Tumutumu. Wakatoliki hawakuwa katika mapatano hayo. Mtoto wa Kaimosi alizaliwa Mrafiki kama alivyozaliwa akisema Kitiriki. Mwenzake wa Tumutumu akazaliwa Mpresbiteri kama alivyozaliwa akisema Kikikuyu. Ndiyo sababu hata leo mtu husema "sisi kwetu ni Presbiteri" kwa sauti ile ile anayoitumia kuutaja ukoo wake.

Hata hivyo, watu hawakukaa walipowekwa. Mgogoro wa tohara ya wanawake wa mwaka wa 1929 uliwatoa wengi katika makanisa ya misheni, wakaanzisha yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, maelfu ya Wakatoliki wa Nyanza waliondoka na kuunda Legio Maria. Nao wale waliobatizwa kwanza kabisa walikuwa wameacha ibada za mababu zao. Kwa hiyo mzee anayemtupia kijana methali ya mila anapaswa kukumbuka kwamba babu yake mwenyewe alikuwa mhamaji. Katika sensa ya 2019, Waprotestanti walikuwa asilimia 33.4 ya Wakenya, Wakatoliki asilimia 20.6, waumini wa makanisa ya Kiinjilisti asilimia 20.4, na wa makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika asilimia 7. Katika nchi ya namna hiyo, watu wa nyumba moja kusali mbalimbali si ajabu tena.

Sisemi kwamba kila kuhama ni kwema. Yuko anayehama kwa kuwa amemkasirikia kasisi, na yuko anayefuata mabango ya miujiza kila Jumapili kama mnunuzi anayezunguka sokoni. Isitoshe, kuamka kiroho hakumlazimishi mtu kuhama. Uamsho ulipoenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, walokole wengi walibaki katika makanisa yao na kuyatia uhai kutoka ndani. Anayetaka kuhama na ajiulize kwanza kama anakwenda mahali fulani ama anakimbia tu.

Mimi nilihama nikiwa na umri wa miaka 36. Kwa mwaka mzima niliketi viti vya nyuma, nisijue wakati wa kusimama wala wa kupiga magoti. Nilikuwa nimezoea kusalimia kwa "Tumsifu Yesu Kristu". Sasa nilipaswa kusalimia kwa "Bwana asifiwe", na hata jina la Mwokozi lilikuwa limebadilisha irabu ya mwisho. Ni sawasawa na kujifunza lugha ya pili ukubwani. Mtu hujifunza polepole, lafudhi ya kwanza humfuata, na hana haja ya kuukata ulimi aliolelewa nao ili ajue mwingine. Sala alizonifundisha mama yangu ningali ninazo.

Mama hakunikaripia. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, siku ukifa, ni nani atakuzika?" Swali hilo lina uzito kuliko mahubiri mengi, kwa maana kanisa kwetu ndilo linalokesha matangani, linalochanga, na linalomsindikiza mtu kaburini. Anayehama huacha nyuma watu hao wote, na huenda akachukua miaka kupata wengine. Kwa sababu hiyo, makanisa yanayokataa kumzika aliyehama, ama kuwaadhibu wazazi wake kwa kuwatenga, huugeuza mwili wa marehemu kuwa silaha ya kuwatisha walio hai.

Tena, mlango wa kutokea ni kipimo cha kanisa lolote. Mwaka wa 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, baada ya waumini kuhimizwa wafunge chakula hadi kufa. Anayetafuta kanisa na aangalie kama mhubiri anaweza kuulizwa swali, kama hesabu za sadaka husomwa hadharani, na kama walioondoka wanasalimiwa bado. Pasipo na ruhusa ya kuondoka, hapo si nyumbani hata kama nyimbo ni tamu.

Kwa walimu, nakumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humpa mfadhili wa shule nafasi ya malezi ya kiroho, lakini kwa sharti la kuilinda imani ya wengine. Mwanafunzi Mwadventista asilazimishwe kuacha Sabato yake kwa sababu tu shule inafadhiliwa na dhehebu lingine.

Nanyi wanafunzi mnaopata imani mpya katika umoja wa Wakristo chuoni, msirudi likizoni mkawaambia wazazi kwamba ubatizo wao ulikuwa maji matupu. Semeni mlichokipata bila kutukana walichowapa, maana hata hilo jina la Yesu mlilisikia kwanza kwao. Kisha nendeni nao kanisani kwao Jumapili moja, mkae nao benchi moja.