Mtetemo hauwezi kumfundisha mtoto mkono

Mashine zinazotetemeka sasa zimezoeleka. Zipo ndogo za kushika mkononi za kukanda misuli, na zipo zile kubwa za kusimama juu yake kwenye majimu. Wauzaji wake wanaahidi nguvu, wepesi na kupona haraka. Mzazi mwenye mtoto anayecheza mpira wa meza akisikia hivyo, ni rahisi kufungua pochi. Ushauri wetu wiki hii ni kwamba asubiri kwanza.

Mpira wa meza ni mchezo wa hisia kuliko mabavu. Kimpira kina kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7 tu, na meza ina urefu wa mita 2.74. Mchezaji hana hata sekunde nzima ya kuamua apige vipi. Kiwiko kikikosea kidogo tu, au kifundo cha mkono kikigeuka kupita kiasi, mpira unaishia kwenye wavu. Hana muda wa kuutazama mkono wake. Lazima aujue ulipo bila kuuangalia.

Ujuzi huo unatoka ndani ya misuli yenyewe. Humo kuna vihisio vidogo vinavyopima msuli umenyooka kiasi gani na unanyooka kwa kasi gani, kisha hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ndiyo maana ukifumba macho bado unaweza kugusa pua yako.

Tatizo ni kwamba vihisio hivi hudanganywa na mtetemo. Kila mtikisiko huvishtua kana kwamba msuli unavutwa. Mwaka 1972 watafiti Goodwin, McCloskey na Matthews walichapisha majaribio ambapo watu waliozibwa macho walitetemeshwa kano ya msuli wa mkono. Wahusika walihisi kiwiko kimenyooka kuliko kilivyokuwa. Ubongo ulipokea habari za uongo na ukaziamini.

Sasa mfikirie mtoto anayetetemeshwa mkono muda mrefu, kisha anaitwa mezani kucheza. Msuli uliotetemeshwa mfululizo kwa dakika 20 au 30 unaweza kupungua nguvu kwa muda, na hisia ya mahali mkono ulipo ikayumba. Hali hiyo hupita, lakini mechi haimsubiri.

Hatusemi mtetemo hauna faida yoyote. Ukitumika kwa muda mfupi, baadhi ya watu hupata nafuu ya misuli iliyokaza, na wataalamu wa fiziotherapia huutumia kwa wagonjwa fulani kwa vipimo wanavyovijua. Lakini kuhusu kuongeza ustadi wa mchezaji, matokeo ya tafiti hayafanani, na faida inapoonekana mara nyingi ni ndogo na ya muda. Ustadi hujengwa kwa kurudia pigo lilelile mara nyingi, chini ya jicho la kocha.

Wako pia wazazi wanaouliza kama raketi yenyewe inaweza kumdhuru mtoto. Mtikisiko wake ni mdogo na wa kitambo kifupi mno, na sponji ya raba hupunguza makali. Mtoto akilalamika maumivu ya kiwiko au bega, chunguza kwanza wingi wa mazoezi na namna anavyopiga.

Mtetemo wa kuogopa hasa uko kazini. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, nchini Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi, hasa wakati wa baridi. Hadi leo ugonjwa huo huwapata watumiaji wa grinda, misumeno ya moto na mashine za kupasua zege. Ukiachwa uendelee, hata kufunga kifungo cha shati au kuokota sarafu huwa kazi ngumu. Kwa hiyo kijana anayeshinda na grinda kwenye karakana kisha jioni anashika raketi, mkono wake unahitaji uangalizi kuliko wa mwenzake. Apewe mapumziko ya mara kwa mara, mashine itunzwe vizuri, na mikono isipate baridi.

Kama mashine ya kukanda tayari mnayo nyumbani, iwekwe kwenye nguvu ndogo na kwa dakika chache tu, baada ya mazoezi badala ya muda mfupi kabla ya mechi. Isiguse shingo, kichwa, mifupa wala sehemu yenye jeraha. Mjamzito, mwenye kifaa cha moyo, mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa, au mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni au mikononi amuulize daktari kabla ya kuitumia.

Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona ganzi isiyoisha, vidole vinavyobadilika rangi, mkono unaoishiwa nguvu, au vitu vinavyomdondoka mara kwa mara. Usisubiri msimu wa mashindano uishe. Neva ikiumia kwa muda mrefu, huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Na kama pesa ya mashine bado iko mfukoni, nunua boksi la mipira, badilisha raba iliyochakaa na mlipe kocha saa za ziada. Mkono wa mtoto utafaidika zaidi na hayo.