Nyumba Zetu na Mafundi Wetu

Twaomba ruhusa ya wasomaji wetu kusema maneno machache juu ya jambo linalowatia hasara wengi katika wenzetu wa hapa Nangara, nalo ni kazi mbaya ya mafundi tunaowapa nyumba zetu kuzitengeneza.

Mwenzetu mmoja alikopa fedha ili aifanye mpya nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Alipatana na fundi kwa maneno ya mdomo, akamtolea arbuni iliyozidi nusu ya ujira, kisha akasafiri kwa kazi ya Serikali. Aliporudi aliikuta nyumba inang'aa kwa rangi, akamaliza kulipa na kushukuru. Masika yalipoanza, lipu ilivimba ikaanguka vipande vipande, na maji yakapita penye misumari ya bati hata juu ya kitanda cha watoto. Fundi alipoitwa alisema saruji aliyonunuliwa ilikuwa mbovu. Mwenye nyumba akasema mchanga ulikuwa na udongo. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, na karatasi hapakuwa.

Hapo ndipo tunaposhangaa. Sisi ni watu wa karatasi. Asubuhi hata alasiri twaandika na kutunza hati za kandarasi za Serikali, nasi twajua ya kuwa mkandarasi halipwi mpaka kazi yake ikaguliwe, na ya kuwa sehemu ya fedha yake huzuiwa hata muda wa kutazama kasoro upite. Lakini tukisha kufunga mlango wa ofisi, twamkabidhi mtu akiba ya miaka mitatu kwa salamu na kikombe cha chai! Je, choo cha ofisi kina thamani kuliko chumba wanacholala watoto wetu?

Hatupendi kuwaita mafundi wezi, kama wasemavyo wengine barazani. Wengi wao walijifunza kazi kwa kumchanganyia udongo mwashi mwingine, na sisi twawachagua kwa sababu bei yao ni ndogo. Apunguzaye bei hata isitoshe kununua saruji, na ajue kwamba saruji ndiyo itakayopunguzwa. Lipu iliyochanganywa kwa ndoo za mchanga zisizohesabiwa, kisha ikaachwa juani pasipo kumwagiwa maji siku saba, rangi haiwezi kuisitiri. Mwenye nyumba aweza kupima mwenyewe. Tia mchanga katika chupa ya maji, itikise, uiache itulie; udongo utakaa juu ya mchanga, nawe utaona ulichouziwa. Na bati lina namba yake: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa kwa mbali yote mawili yang'aa sawasawa.

Wako wasemao kwamba pasipo hati hapana haki. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo kwa kazi kama hizi, na kifungu cha 73 champa aliyevunjiwa mapatano haki ya kulipwa hasara iliyotoka katika kuvunjwa huko. Taabu ni ushahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, hata ujumbe wa simu waweza kupokewa mahakamani. Basi usiufute ule wa kumpelekea fundi fedha. Tena kifungu hicho hicho hutazama njia alizokuwa nazo mwenye hasara za kuizuia. Aliyeacha paa livuje masika yote kwa hasira asitumaini kulipwa godoro.

Kwa hiyo lipu ikianguka, usiibomoe iliyobaki. Piga picha, andika kasoro moja moja, mwite fundi aione mbele ya mashahidi wawili, umpe siku zilizotajwa. Akikataa, mwite fundi mwingine akadirie gharama kwa maandishi, ndipo uende mbele.

Mwenzetu tuliyemtaja alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi alikuja, akapiga lipu upya vyumba viwili kwa ujira wake mwenyewe. Bati alinunua mwenye nyumba, maana hakuweza kuonyesha ni geji gani waliyopatana.

Nakala ya hati ya mapatano, ukurasa mmoja tu, iko kwa Katibu. Wanaotaka kuanza kazi kabla ya mvua wamwone.