Kafala Isiishie Mlangoni: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Huduma za Watoto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Naishi Mombasa, Feri, upande wa kisiwani wa kivuko cha Likoni. Mimi ni mama wa watoto watatu. Wawili nimewazaa mwenyewe. Wa tatu tulimpokea kwa kafala mwishoni mwa 2022, akiwa na miaka mitatu. Ana mtindio wa ubongo, na kifafa juu yake. Hawezi kukaa bila kuegemezwa, maneno hana, lakini honi ya feri ikilia hucheka mpaka kwikwi ikamshika.

Barua hii si ya kuomba harambee. Naandika kwa sababu Wizara yako imeshika jambo kubwa na zuri, nami naliona likiharibikia kwetu sisi tulioitikia wito wake. Mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto watoke vituoni walelewe katika familia. Ni sawa kabisa. Nimeingia vituo vya kutosha kujua kwamba mtoto aweza kulishwa, kuogeshwa na kulazwa kwa saa zake, na bado asiwe na mtu hata mmoja anayetambua kilio chake cha njaa na kile cha maumivu. Na katika vituo hivyo, anayechukuliwa mwisho ni mlemavu. Watu huja wakaulizia mtoto mchanga, mzima, wa kike ikiwezekana. Huyu wetu alikuwa amelazwa mkekani karibu na dirisha na hakuna aliyetuonyesha. Mume wangu ndiye aliyemwona, akiifuata kwa macho feni ya darini ilivyokuwa ikizunguka.

Kwa wasomaji wasioijua kafala, nieleze kidogo. Sisi Waislamu haturuhusiwi kumbadilishia mtoto nasaba. Zayd bin Haritha, mtoto wa kulea wa Mtume, ambaye watu walikuwa wakimwita Zayd bin Muhammad, alirudishiwa jina la babake ilipoteremka aya ya Suratul Ahzab. Kwa hivyo mtoto wetu hatumwiti kwa jina la mume wangu, wala hatarithi kwa mafungu ya mirathi. Lakini mume wangu ameshaandika wasia, na wasia waweza kufika theluthi ya mali. Mengine yote ni yale yale ya mzazi: chakula, dawa, shule, adabu, kukesha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 uliitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na Kenya iliuridhia mkataba huo 1990. Sheria yetu wenyewe ilikawia mpaka Sheria ya Watoto ya 2022. Sisi tukafurahi. Tukasema, alhamdulillahi, sasa tutamlea mtu bila kuonekana wezi wa watoto.

Mheshimiwa, sheria hiyo iko kitabuni. Dirishani haijafika.

Kila mahali tunapokwenda na mtoto huyu swali ni moja: wewe ni nani wake? Ofisi moja ilitaka cheti cha kuzaliwa chenye jina langu. Nyingine ikataka amri ya mahakama ya kumuasili mtoto, nikawaeleza kwamba hatukumuasili, tulimchukua kwa kafala, nao wakanitazama kama niliyesema Kichina. Ya tatu, karani alikuwa kijana wa hapa hapa Mombasa, Muislamu, mwenye adabu zake. Akainamia dirisha akaninong'oneza: "Mama, andika tu umemzaa, yaishe." Alinihurumia, najua. Lakini tazama alilokuwa akiniambia: nidanganye serikali, na nidanganye katika jambo lile lile ambalo dini yangu ilinikataza na kwa ajili yake nikafuata njia hii ndefu. Nikakataa, na jambo langu likabaki pale. Ni familia ngapi zimekubali kuandika uongo ili mtoto apate bima au shule? Za namna hiyo hazitakuandikia barua.

Mtoto wetu ni wa kuokotwa. Katiba, ibara ya 14, inasema mtoto aliyepatikana Kenya akionekana kuwa chini ya miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Kwa hivyo uraia wake Katiba ilishaumaliza. Kinachosumbua ni sisi: hakuna anayejua atuweke safu gani katika fomu.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu naamini wengi wanaoandika mikakati hawajawahi kumlisha mtoto wa namna hii.

Huwezi kumlisha amelala. Ukimlisha amelala, chakula huenda njia ya hewa, na mara nyingi hicho ndicho kinachowaua. Kiti chake kimetengenezwa kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, kikapakwa rangi. Kina kona ya kushika mabega na kijimeza mbele. Namkalisha humo, mkono wangu wa kushoto umeshika kidevu, kidole gumba kikizuia taya lisifunguke kupita kiasi, kwa kuwa ulimi wake husukuma nje kila kinachoingia. Uji usiwe mwepesi, unampalia; usiwe mzito, hausukumiki. Kijiko nakilaza juu ya ulimi, nakibonyeza kidogo, nangoja. Ni huko kungoja ambako mgeni hawezi. Kila mtu ana haraka ya kijiko cha pili. Ukimaliza, usimlaze, mshike wima mpaka kitulie. Halafu dawa ya kifafa, na baada ya muda mfupi unaanza tena chakula cha mchana.

Kabla hajaja nilikuwa nakaanga mahamri na viazi vya karai alfajiri, nikiwauzia abiria wanaoshuka kutoka ng'ambo. Biashara hiyo nimeiacha. Haikufa kwa kukosa wateja. Pale Feri, ambako inasemekana wanavuka zaidi ya watu 300,000 kwa siku, kukosa wateja labda uwe huwezi kupika. Imekufa kwa sababu saa za mahamri ndizo saa zake za kifafa. Kwa hivyo mfuko mmoja wa nyumba umefungwa na gharama zimeongezeka. Hili halimo katika karatasi yoyote niliyowahi kutia saini.

Binti yetu mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Mwanzo alimwonea wivu, akadai nimemsahau, na hakuwa mwongo. Siku hizi yeye ndiye anayemlisha vizuri kushinda babake. Mama mkwe, ambaye alikuwa mpinzani wa kwanza, ndiye anayemkanda miguu kila jioni kwa mafuta ya nazi na kumtukana kwa mapenzi. Majirani wana lao. Mmoja aliniuliza kwa nini nimejitakia mzigo ambao Mungu hakunipa. Nikamwambia Mungu amenipa, ila amempitisha mlango mwingine. Sijui kama aliridhika. Mahamri yangu alikuwa haachi kuyakosoa pia.

Kuna jambo jingine tunalozungumza chini chini, nami nitalisema. Mtoto huyu ni wa kiume, naye si maharimu wa binti yangu wala wangu, yaani si jamaa ambaye dini imeharamisha kuoana naye. Angekuja mchanga, nami nikiwa na maziwa, ningempa ziwa mwenyewe, akawa mwanangu wa kunyonya na ndugu wa binti yangu. Kwa madhehebu ya Shafii ni kunyonya mara tano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Alikuja ameshapita umri huo. Leo ni mtoto, hakuna shida. Atakapobaleghe, nani atamwogesha? Mume wangu pekee, ambaye kutwa yuko kwenye injini za mashua za watu. Masheikh watatupa fatwa ya dharura, naamini, lakini fatwa haiogeshi mtu. Hapo ndipo serikali inahitajika: msaidizi wa kiume wa kuja kwa zamu. Kama watoto wangekabidhiwa familia wakiwa wachanga, badala ya kukaa miaka vituoni faili likisubiri, nusu ya tatizo hili isingekuwepo.

Kuhusu mazoezi ya viungo. Alipokuwa kituoni, mtaalamu alikuwa akija pale kuwanyoosha watoto wote kwa pamoja. Alipohamia kwetu, huduma haikumfuata. Ilibaki kule alikotoka. Sasa tunampeleka wenyewe ng'ambo, Likoni. Kupanda feri kwa miguu ni bure, na kwa hilo nashukuru. Lakini siku za bamvua, maji yakipwa kabisa, mteremko wa kushukia chomboni hurefuka na kuwa na utelezi, na kiti cha magurudumu kikiwa na mtoto hakishikiki na mtu mmoja. Hapo hutokea vijana wa mikokoteni, wasio na kazi nasi wala ujira, mmoja akashika mbele mwingine nyuma, "pole mama, tupishe," mpaka ndani. Kurudi ni vivyo hivyo, kwa kupanda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtaalamu mmoja asivuke kuja kwa watoto wa kisiwani, badala ya sisi wote kuwavusha watoto kumfuata yeye.

Wapo waliowarudisha watoto. Nawajua waliompokea mtoto mwenye ulemavu kwa nia safi, kisha baada ya muda wakamrudisha kituoni, na mtaa mzima ukawasema. Mimi siwasemi. Kabla ya kukabidhiwa mtoto, maafisa walikuja kwetu wakakagua choo, godoro, dari, hata wakauliza mume wangu anavuta sigara gani. Sawa, wana haki. Baada ya kukabidhiwa, sijaona mguu wa mtu. Mtoto mwenyewe alikuja na karatasi moja ya hospitali na mfuko wa nguo. Kwamba ana kifafa tulijua usiku wa kwanza alipokauka mikononi mwangu. Kituo kilikijua, naamini. Kilihofu tungemkataa.

Na tatizo kubwa kuliko yote, Mheshimiwa, ni kwamba mwanangu amegawanywa. Akiwa mtoto ni wa Wizara yako. Akiwa mlemavu ni wa Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii, kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na fedha za mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Nepi za umri wake zinazimaliza hizo kabla mwezi haujafika nusu. Akiwa mgonjwa ni wa wengine, akiwa mwanafunzi ni wa wengine tena. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, nzuri tu kuisoma. Lakini hakuna ofisi hata moja ninayoweza kuingia nikamkuta mtu aliye na faili lake zima.

Ninachokuomba si kingi. Kwanza, karatasi ya kafala iwe na nguvu ile ile ya amri ya kuasili, na kila karani katika kila dirisha, la shule, la bima, la hospitali, la kadi ya ulemavu, awe ameshaambiwa hivyo kwa waraka kutoka kwako, kabla sijamfikia. Fomu ziwekwe nafasi ya mlezi wa kafala. Wino wake hauzidi shilingi mia.

Pili, fedha na huduma zimfuate mtoto. Kama kituo kilikuwa kikipokea mtaalamu wa mazoezi, dawa na chakula kwa ajili yake, siku anapotoka getini vitoke naye. Familia isifanywe kituo cha bei rahisi. Na apatikane mtu wa kutushikia mtoto hata asubuhi mbili kwa wiki. Mimi ningerudi kwenye karai langu, na serikali ingepata mlipa kodi.

Tatu, wale waliokuja kukagua choo warudi. Waje wakiwa na faili la hospitali mkononi, waulize tunalala vipi, nani anamlisha nikiugua, binti anaendeleaje shuleni. Waje mwaka wa kwanza kwa ukaribu, kisha wapunguze. Nina hakika wale waliorudisha watoto wangepata mtu wa kumwambia "nimechoka" bila kuhukumiwa, wengine wangekuwa nao hadi leo.

Najua utaniambia Kadhi ana nafasi yake katika haya, na ni kweli. Kaeni naye. Ofisi ya Kadhi Mkuu na Wizara yako zikiweka muhuri mmoja kwenye karatasi moja, Mombasa, Kwale, Lamu, Tana River na Garissa zitakupa familia nyingi kuliko unavyotarajia, na wengine hawatachagua mtoto mzima tu.

Mkakati wako unakwisha 2032. Mwaka huo mwanangu atakuwa na miaka kumi na tatu, ameanza kubaleghe, mzito, na mgongo wangu tayari unalalamika. Nataka kujua sasa, kwa maandishi, ni ofisi gani itakayokuwa na faili lake siku hiyo, na ni nani nitakayemuuliza. Jibu linaweza kupitia afisa wa watoto wa Mvita. Njia ya kuja kwetu si ndefu.

Wako mwaminifu,
Mama wa watoto watatu,
Feri, Mombasa.