Nyumba ya mzee: Andikeni leo, msingoje matanga!

Ndugu msomaji, kijana wa Manzese, Mbagala na kwingineko, leo tuulizane. Ile nyumba ya mzee unayolala iko kwa jina la nani? Karatasi yake umewahi kuiona?

Wengi hamjui. Mnashinda kijiweni mkibishana Simba na Yanga, mkidhani mambo yatajipa. Hayajipi! Mzee akizikwa, kabla ya arobaini baba mdogo keshaleta dalali, na wakili kishoka keshakaa barazani na mkoba wake akidai fedha za "kufungua faili". Mwisho wake mama anapanga chumba uzeeni.

Mzee akiwa hai kazi ni nyepesi. Akitaka kukupa, anaandika hati ya zawadi mbele ya wakili wa kweli. Kwa Waislamu hiyo ni hiba, nayo lazima ikabidhiwe, si kuandikwa tu. Mama naye atie saini: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuitoa nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Dada zako nao washuhudie. Saini yao leo ni rahisi kuliko kesi yao kesho! Kama kiwanja kina hati, lipeni ushuru wa stempu na ada, mdai stakabadhi, uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Bila hivyo jina la zamani linabaki palepale.

Mzee hataki kutoa sasa? Haki yake, nyumba ni yake. Basi aandike wosia.

Na kama keshafariki, msikimbilie kishoka. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi, mnakwenda na cheti cha kifo. Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Atafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, wasaidie bure.

Ukifika ofisi ya mtaa ukaambiwa toa asilimia 10, uliza kwa adabu: asilimia 10 ya bei gani, wakati hakuna aliyeuza? Naomba kifungu cha sheria, na stakabadhi. Utaona watakavyokohoa!

Kishoka mtaji wake ni ujinga wetu, na ujinga huo una waliouotesha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitungwa kwa Kiingereza, katika nchi ya Waswahili. Watawala walingoja hadi mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Miaka yote hiyo mlalahoi alikuwa akinunua tafsiri kwa matapeli.

Basi Jumapili hii usiende kwa mzee na "nipe nyumba". Mpe shikamoo yake, kaa mkekani, umwambie: "Baba, tuandikie mwenyewe, tusije tukauana kwa ajili ya matofali yako."