Mtunzi, waite wasomaji wako kwa sauti yako

KALAMU NA JAMII
Na Halima Mshindo

Ukifungua Facebook jioni yoyote, hukosi kukutana na simulizi ya Kiswahili inayotolewa kipande kwa kipande. Sehemu ya kwanza bure, ya pili bure, ya kumi inakatikia pale mlango unapogongwa usiku wa manane. Chini yake ipo namba ya simu: anayetaka kuisoma hadi mwisho atume hela kwa M-Pesa, aunganishwe kwenye kundi la WhatsApp.

Nauheshimu sana utaratibu huu. Maduka ya vitabu nchini ni machache, na mengi hujaza vitabu vya shule. Kwa simu tu, mtunzi wa leo anamfikia msomaji wa Newala au Kasulu bila kumsubiri mchapishaji. Watunzi waliotutangulia hawakuipata nafasi hiyo.

Ndiyo maana nasikitika ninapoiona ikichezewa. Mtunzi wa riwaya za upelelezi anaujaza ukurasa wake udaku wa wasanii, picha za nusu uchi na ugomvi wa kupanga na mtunzi mwenzake. Kesho yake anaandika "kisa cha kweli kilichonikuta" ambacho hakijamkuta yeye wala mtu mwingine. Kiki inafanya kazi, wafuasi wanaongezeka. Siku anapotangaza kitabu, katika maelfu yale wanunuzi wanahesabika kwa vidole, naye analalamika kwamba Waswahili hawasomi.

Waswahili wanasoma. Waliomfuata walifuata udaku, na udaku hakuuweka kitabuni. Isitoshe, mitandao hii humwonyesha mtu vitu vinavyofanana na vile alivyowahi kuvifungua na kuvitolea maoni. Ukilisha ukurasa wako umbea kwa mwaka mzima, mtandao utakuletea wapenda umbea. Ukiwawekea sura ya riwaya wataipita, na mtandao utaona haivutii, uipunguzie watazamaji. Hapo hata yule mmoja aliyekuwa akikusubiri wewe hataiona.

Tazama njia aliyopita Andy Weir, mtaalamu wa programu za kompyuta wa Marekani. Mwaka 2009 alianza kuweka kwenye tovuti yake, bure, sura za riwaya kuhusu mwanaanga aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mirihi. Ilikuwa imejaa hesabu na kemia, mambo ambayo mshauri wa biashara angemwambia ayafute. Weir hakuyafuta, kwa sababu ndiyo aliyoyapenda. Wasomaji wake wa kudumu, aliowakusanya kwa miaka mingi, walikuwa 3,000 hivi. Lakini hao walikuwa watu wa kuzikagua hesabu zake, na alipokosea kemia walimwandikia, akasahihisha. Ndio waliomwomba aiweke Kindle, naye mwaka 2011 akaiuza senti 99 za dola. Habari zikaenea, mchapishaji akaitoa kama kitabu mwaka 2014, na mwaka uliofuata filamu iliyotokana nayo, The Martian, ikaonyeshwa duniani kote. Angewavuta kwa vichekesho vya mjini, nani angemrekebishia kemia?

Hata kwetu, kabla ya intaneti, watunzi waliodumu walijulikana kwa kile walichokuwa nacho. Aliyeokota riwaya ya Elvis Musiba baada ya Kufa na Kupona ya mwaka 1974 alijua anamfuata mpelelezi Willy Gamba kwenye hatari, na alichokifuata alikipata. Euphrase Kezilahabi alichagua barabara ngumu zaidi. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka huohuo, iliacha vina na mizani, na wanamapokeo wakamshambulia kwamba hayo si mashairi. Angeweza kurudi kwenye tarbia kuwatuliza. Hakurudi. Leo mashairi huru yanafundishwa madarasani, na wapo waliolipenda shairi la Kiswahili kupitia mlango aliousukuma yeye. Musiba alikuwa na umati, Kezilahabi alianza na wachache, lakini kila mmoja aliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kujifanya kuna gharama nyingine, nayo ni aibu. Mwaka 2012 mwandishi wa Uingereza R.J. Ellory, ambaye tayari alikuwa na jina na wasomaji, aligundulika kuwa amekuwa akivisifu vitabu vyake Amazon kwa majina ya bandia, na kuviponda vya wenzake. Alikiri na kuomba radhi. Alikuwa na kipaji halali kabisa, lakini msomaji aliyeziamini sifa zile ana haki ya kujiuliza nini kingine kilikuwa cha kutungwa. Cha kuazima hakisitiri maungo.

Najua yupo atakayeniuliza: basi mtunzi aanike ndoa yake, watoto wake na madeni yake ili aonekane mkweli? Hapana. Sitara ni haki ya kila mtu, na watunzi wanawake wanaosumbuliwa kila siku kwa jumbe chafu wanaihitaji zaidi. Mwandishi wa Italia anayejiita Elena Ferrante ameficha jina na sura yake tangu riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1992. Hujibu maswali ya waandishi wa habari kwa maandishi tu. Wasomaji wake hawajui anaishi wapi, lakini wanaijua sauti yake, na wamemfuata kutoka kitabu hadi kitabu. Ukweli ninaoudai ni wa kalamu: unachokionyesha mtandaoni kifanane na kile utakachomuuzia mtu.

Atakuwepo pia wa kuniambia kwamba njaa haisubiri. Namwelewa, kwani kodi ya nyumba hailipwi kwa heshima. Lakini soko la WhatsApp lina siri ambayo kila mtunzi wa huko anaijua: mnunuzi mmoja akitaka, anaisambaza riwaya nzima kwenye makundi kumi kabla hujapokea hela ya mnunuzi wa pili. Kumfukuza kila mwizi wa nakala huwezi. Kinga iliyo karibu nawe ni msomaji anayekujali, yule atakayemwambia rafiki yake, "Mlipe mwenyewe, kazi yake naijua." Msomaji wa namna hiyo haji kwa kiki. Anakuja kwa sababu alisoma aya yako moja, akaona unayaona mambo kwa jicho analolipenda.

Basi, ndugu mtunzi, kama unaandika upelelezi, tueleze jinsi unavyofumba na kufumbua kitendawili. Kama unaandika mapenzi ya Tanga ya zamani, tupe khanga, misemo na mitaa uliyoichunguza. Simulizi ya kubuni iite ya kubuni, kwani haipungui utamu. Jibu maswali ya watu kumi wanaouliza kuhusu mhusika wako kabla ya kuwatafuta elfu kumi wasiojua jina lake.

Nasi wasomaji tuna deni letu. Tunaponunua riwaya kwa mtunzi aliyetuambia ukweli, nakala ile ibaki kwetu, na anayeiomba tumpe namba ya mwenyewe. Tukilipa kazi ya kweli, watunzi wataona kwamba ukweli unalipa, na wataendelea kutuandikia.