Kabla ya Jipsamu, Jenga Mahali pa Matope

Nitasema hili na najua kuna watakaonuna: kama unajenga Kitengela, Syokimau ama Athi River, na ramani yako haina mahali pa kuvulia viatu vya matope, hiyo ramani haijaisha. Irudishe kwa mchoraji.

Mnaoishi huko mnanielewa. Mvua ya Machi hadi Mei ikishika, ule udongo mweusi unang'ang'ania soli mpaka unatembea kama umevaa matofali. Huku kwetu Kiambu udongo ni mwekundu, mwepesi kidogo, lakini ukigusa zulia jeupe, hilo zulia lishapata rangi mpya.

Sasa angalia tunavyojenga. Jipsamu yenye taa za buluu, sawa. Taili zinazong'aa mpaka mlangoni, sawa. Halafu mlango unafunguka moja kwa moja sebuleni. Yaani mtu akitoka nje, hatua ya kwanza ni kwenye zulia. Kwani hiyo nyumba ilichorewa nchi isiyo na mvua?

Shida yangu si uchafu tu. Matope yakishaingia, kuna mtu wa kuyatoa, na mara nyingi si yule aliyechagua taili. Ni mama, ni msichana wa nyumba, ni dada wa kazi. Msimu wa mvua mamangu alikuwa anapiga deki asubuhi, anarudia saa nane, anarudia tena tukitoka shule. Mgongo ulipoanza kumsumbua aliambiwa apumzike. Mlango nao haukuambiwa kitu.

Kuna wale watasema ati hayo ni mambo ya wazungu. Bana, nenda Lamu. Nyumba za kale za huko zina daka, kibaraza cha kuingilia chenye viti vya mawe, mahali pa kukaa kabla hujaingia ndani. Na huku bara, nyanya zetu waliacha jembe na gambuti chini ya upenu. Sisi ndio tuliondoa hiyo nafasi tukaita maendeleo.

Na haihitaji kiwanja kikubwa. Kwenye ploti ya 50 kwa 100, mita moja na nusu kwa mbili karibu na mlango wa jikoni inatosha. Sakafu iwe chini kidogo kuliko ya ndani, sentimita tano hivi, iinamie shimo la kutolea maji. Tumia taili za kukwaruza ama simiti yenye rangi nyekundu. Zile za kung'aa zikilowa ni hospitali. Weka mfereji wa chini wa kuoshea gambuti. Jenga benchi la simiti la sentimita 45, chini yake uache wazi viatu vipate hewa, maana viatu vibichi vikifungiwa kabatini vitanuka hadi Krismasi. Ukutani, kulabu za makoti na miavuli: za watu wazima juu, za watoto chini, wajitundikie wenyewe.

Urembo je? Paka rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi mita moja, ile unayopangusa na kitambaa. Chagua rangi inayokaribiana na udongo wa kwenu. Ongeza dirisha dogo na mmea kwenye mkebe, pamependeza. Nje ya mlango, fundi wa kuchomelea akuwekee kipande cha chuma cha kukwangulia soli. Na weka grili yenye kufuli, kwa sababu viatu vikilala nje mtaa huu wetu, asubuhi vina mwenyewe mwingine.

Uko bedsitter? Hujasahaulika. Beseni pana nyuma ya mlango, gunia kukuu chini yake, kulabu mbili juu. Hata kama ni hatua moja tu ya mraba, iheshimiwe: kiatu hakipiti hapo.

Kwa hivyo ukienda kuonana na mchoraji, usiende peke yako na picha za kwenye simu. Enda na yule anayepiga deki kwenu. Aulizwe yeye kwanza mlango ukae wapi, jipsamu tutaongea baadaye.