Mjadala wa kaliba: Bastola ipi inamtosha dubu?

KILA mwaka theluji inapoanza kuyeyuka katika milima ya Montana, Wyoming na Alaska nchini Marekani, na dubu wanapotoka katika mapango walimolala majira yote ya baridi, mjadala mmoja wa zamani nao huamka. Wavuvi wa samoni, wapanda milima, wapima ardhi na wawindaji huulizana swali lile lile kwenye kaunta za maduka ya silaha: mtu anayekwenda porini na bastola kiunoni, achukue yenye kaliba gani?

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi swali hilo linaweza kuonekana la ajabu. Huku kwetu bastola ni silaha ya polisi, ya mfanyabiashara mwenye kibali na, kwa bahati mbaya, ya jambazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea, mtu anayemfuata nyati au tembo hubeba bunduki ya kaliba .375 au zaidi, si kitu cha kuning'iniza mkandani. Wamarekani wana desturi nyingine. Katika majimbo mengi huko ni halali kuwinda paa kwa bastola, na ni jambo la kawaida mtu kuibeba akiwa matembezini tu.

Suala hilo lilipata uzito mpya Februari 22, 2010, ilipoanza kutumika sheria ya shirikisho inayoruhusu watu kuingia na silaha zenye risasi katika hifadhi za taifa, kwa kufuata sheria za jimbo husika. Kifungu hicho kilipachikwa katika muswada uliohusu kadi za mikopo ya benki, ambao Rais Barack Obama aliutia saini Mei 2009. Kubeba kukaruhusiwa, lakini kufyatua risasi ndani ya hifadhi kama Yellowstone kukabaki kosa.

Haikuchukua muda sheria hiyo kujaribiwa. Mwishoni mwa Mei 2010, watu wawili, mwanamume na mwanamke, walikuwa wakitembea katika Hifadhi ya Taifa ya Denali, Alaska, dubu wa kahawia alipochomoka vichakani na kumwelekea mwanamke. Mwenzake alifyatua takriban risasi tisa za bastola ya kaliba .45. Dubu aligeuka, akarudi vichakani, na baadaye alikutwa amekufa umbali wa kama mita 30 kutoka hapo. Watetezi wa silaha walisema bila bastola ile mwanamke angeuawa. Wapinzani wakauliza kama dubu huyo angekufa iwapo wawili hao wangekuwa na mkebe wa pilipili ya kupuliza.

Ili kuelewa mabishano yenyewe, ni vema kwanza kujua namba hizo zina maana gani. Kaliba ni kipenyo cha risasi, na Wamarekani hukipima kwa sehemu za inchi. Risasi ya .357 Magnum ina upana wa milimita 9 na ushei, ile ya.44 Magnum, licha ya jina lake, ina milimita 10.9. Hata hivyo upana si kila kitu. Kinachotofautisha zaidi ni uzito wa risasi, kiasi cha baruti nyuma yake na kasi inayotoka nayo mtutuni.

Silaha inayozungumzwa hasa ni rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi tano au sita. Wapenzi wake wanaisifu kwa sababu mbili. Inaweza kuhimili baruti nyingi kuliko bastola ya magazini, na hufyatuka hata mdomo wake ukiwa umegandamizwa kwenye mwili wa mnyama, hali ambayo huweza kuzuia bastola nyingi za kisasa.

Mashindano ya nguvu yalianza mwaka 1935, kampuni ya Smith & Wesson ilipoingiza sokoni .357 Magnum. Miongo miwili baadaye, mwishoni mwa mwaka 1955, ikaja .44 Magnum, iliyotokana kwa kiasi kikubwa na ushawishi wa Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa masuala ya silaha kutoka Idaho. Keith alidai kuwahi kumwangusha paa kwa bastola hiyo kutoka umbali wa yadi 600, zaidi ya nusu kilomita. Wapo wanaoamini hadi leo na wapo wanaocheka. Kaliba hiyo ingebaki ya wawindaji wachache kama si filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971, ambamo Clint Eastwood aliifanya ijulikane dunia nzima.

Baada ya hapo ilikuwa ni kupandishiana dau. Kampuni ya Freedom Arms ya Wyoming ilianza kuuza rivolva ya .454 Casull mwaka 1983. Ruger ikaleta .480 mwaka 2001. Mwaka 2003 Smith & Wesson ikatoa .500 Magnum, na miaka miwili baadaye ikaongeza .460.

Tofauti ya nguvu ni kubwa. Risasi ya kawaida ya .357 Magnum hutoka na nishati ya takriban jouli 700. Ile ya .44 Magnum hufikia kati ya 1,000 na 1,300. Ya .454 Casull hukaribia 2,400, na .500 huvuka 3,400. Lakini bunduki ya kawaida ya kuwindia, .30-06, inayotumiwa Marekani tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, hutoa karibu jouli 3,900, na .375 Holland & Holland, iliyobuniwa London mwaka 1912 na kuzoeleka mno katika mapori ya Afrika Mashariki, hufikia 5,800. Maana yake ni kwamba rivolva kubwa kabisa, yenye kumvunja mtu kiganja, bado haijaifikia bunduki ambayo mwindaji wa kawaida wa paa hubeba begani.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala, na ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Kuwinda kwa bastola ni kazi moja. Kujiokoa na dubu ni kazi nyingine kabisa.

Mwindaji ndiye anayechagua wakati. Hujificha, husubiri paa ageuke ubavu, huegemeza mikono kwenye mti au goti, kisha hulenga moyo na mapafu. Ana nafasi ya kuacha kufyatua ikiwa umbali ni mkubwa. Kwake yeye .357 yenye mtutu wa inchi sita humtosha kwa paa aliye ndani ya mita 45 hivi, na .44 Magnum humpeleka hadi mita 90 akiwa mlengaji hodari. Wanaowinda elki, mnyama mwenye uzito wa kilo 300 na zaidi, wana sababu ya haki ya kutaka .454 au .460, ambazo pia hubaki na kasi ya kutosha kwa umbali mrefu. Rivolva ya namna hiyo yenye mtutu mrefu na darubini juu yake inaweza kuwa na kilo mbili. Si tatizo, mwindaji huibeba kifuani kwa mkanda maalumu na hufyatua risasi moja, pengine mbili, kwa siku nzima.

Anayekutana na dubu hachagui chochote. Dubu wa kahawia anaweza kukimbia kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ni kama mita 14 kwa sekunde. Akitokea umbali wa mita 25, mtu ana chini ya sekunde mbili za kutambua kinachotokea, kuchomoa bastola, kulenga na kufyatua. Anayemjia haonyeshi ubavu. Anakuja uso kwa uso, kichwa kikiwa chini na kikiyumba. Kumsimamisha papo hapo kunahitaji risasi ipenye mifupa na kufika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Risasi ya moyo itamuua, lakini baada ya muda ambao unamtosha kumaliza alichokijia.

Kwa sababu hiyo aina ya risasi ina uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye mtutu. Zile zenye tundu nchani, ambazo hutanuka zikigonga nyama, ni nzuri kwa paa lakini huweza kuishia kwenye misuli ya dubu. Wazoefu wa Alaska hupendelea risasi nzito za madini magumu zenye ncha bapa, zisizotanuka, ambazo hupenya ndani zaidi. Bastola ya .44 yenye risasi isiyofaa inaweza kuwa duni kuliko ya .357 yenye risasi inayofaa.

Je, utafiti unasemaje? Mwaka 1983 Idara ya Misitu ya Marekani ilichapisha matokeo ya majaribio ya silaha kwa ajili ya watumishi wake wa Alaska, ikipima utendaji wa risasi kwa umbali mfupi. Bunduki kubwa kama .458 Winchester ziliongoza, na bastola zikawa nyuma sana. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalitumika kama hoja ya kusema bastola haina maana mbele ya dubu.

Mwaka 2012 picha ikabadilika kidogo. Watafiti wakiongozwa na Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, akiwamo Stephen Herrero wa Calgary, walichambua matukio 269 ya Alaska yaliyohusisha silaha na dubu kati ya mwaka 1883 na 2009. Bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84 na bunduki kwa asilimia 76. Wauzaji wa bastola walizinukuu namba hizo kwa furaha, lakini hawakupenda kunukuu zilizobaki. Watafiti hao walikuta kwamba waliotumia silaha hawakutofautiana sana, kwa kiwango cha kuumia, na waliokuwa na silaha bila kuitumia. Silaha ziliposhindwa, sababu zilikuwa za kibinadamu: muda haukutosha, usalama wa silaha haukufunguliwa, risasi zilikosa, silaha ilikwama, mtu alijikwaa.

Timu hiyo ilikuwa imechapisha mwaka 2008 utafiti mwingine, wa pilipili ya kupuliza. Katika matukio ya Alaska kati ya mwaka 1985 na 2006, pilipili ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92 na dubu mweusi kwa asilimia 90, na asilimia 98 ya waliokuwa nayo hawakudhurika. Zipo hoja za kukataa kulinganisha tafiti hizo mbili moja kwa moja, kwa kuwa dubu katika mafaili ya silaha pengine walikuwa wamekwisha kuwa wakali zaidi. Pamoja na hayo, kati ya sababu zilizoorodheshwa za silaha kushindwa, nyingi haziondolewi kwa kununua kaliba kubwa zaidi. Baadhi huzidishwa nayo.

Chukua teke la bastola. Rivolva ya .44 Magnum iliyotengenezwa kwa madini mepesi, yenye uzito wa gramu 700 hivi, ni raha kuibeba kutwa nzima na ni mateso kuifyatua. Mwenye nayo hufanya mazoezi ya risasi sita, anarudi nyumbani na mkono unaouma, na haigusi tena hadi mwaka unaofuata. Baada ya risasi ya kwanza, mtutu umepanda angani na sekunde imepita. Mwenzake mwenye .357 ya chuma, aliyeizoea, anaweza kuwa amefyatua tatu na kupata mbili.

Ndiyo maana baadhi ya wazoefu hutoa ushauri usiovutia dukani. Rivolva ya .357 hupokea pia risasi dhaifu za .38 Special, ya .44 Magnum hupokea .44 Special, na ya .454 hupokea .45 Colt ya karne ya 19. Mtu anaweza kujifunza kwa risasi nyepesi na za bei ndogo, kisha akapanda hadi kiwango anachoweza kukidhibiti na kuishia hapo. Kwa wengi kiwango hicho ni .44 yenye uzito wa kilo moja na robo hivi, au .357.

Wengine wameiacha rivolva kabisa. Bastola ya 10mm, kaliba iliyozaliwa mwaka 1983, ina nguvu chini ya .44 lakini Glock 20 hubeba risasi 15 kwenye magazini. Askari wa doria ya Sirius wa Denmark, wanaozunguka na mbwa katika barafu ya kaskazini mashariki mwa Greenland, hubeba Glock hiyo dhidi ya dubu weupe. Julai 2016 mwongozaji mmoja wa uwindaji Alaska, mtu wa miaka mingi porini, alimuua dubu wa kahawia aliyewavamia yeye na wateja wake kwa bastola ya milimita 9, ambayo wauza maduka wangemkataza kuibeba. Alikuwa na risasi ngumu za kupenya, na hakukosa.

Tukio kama hilo haliwezi kuwa kanuni. Linaonyesha tu jinsi soko lilivyoelekeza macho ya wanunuzi kwenye kitu kinachopimika kwa urahisi na kuuzwa kwa bei kubwa. Namba .500 huandikwa kwenye boksi. Saa 40 za mazoezi haziandikwi popote.

Kwa anayesafiri kwa gari kutoka Seattle kwenda Alaska, mjadala wote unaweza kuishia mpakani. Canada haimruhusu mtalii kupita na bastola kwa sababu ya kujikinga na wanyama, na Oktoba 2022 ilisimamisha uuzaji na uhamishaji wa bastola nchi nzima. Bunduki ndefu huruhusiwa kwa fomu na ada. Ya pilipili nayo hupita, mradi mkebe uwe umeandikwa kuwa ni wa dubu.

Na kwa aliyefika Alaska, akafyatua na kupatia, kazi haijaisha. Sheria ya jimbo inamtaka aliyemuua dubu kwa kujihami amchune, aikabidhi serikali ngozi ikiwa na kucha zake pamoja na fuvu, na aandike taarifa ya tukio. Ngozi ya dubu mkubwa ni mzigo wa makumi ya kilo. Hiyo nayo huongezwa kwenye bastola ya kilo mbili, wakati wa kurudi.